Land Rover Series IIA inadondosha maji mbele ya injini: nibadili pampu ya maji au niifufue ya zamani?

#1 Chuma_cha_Babu (Jumamosi, saa 3:10 asubuhi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Rover Series IIA ya 1966, petroli, ile injini ya silinda nne ya cc 2286. Lilikuwa la babu. Nililikuta limelala chini ya turubai miaka sita, na tangu mwaka jana linatembea. Halina haraka, lakini linatembea.

Wiki mbili sasa nikiliegesha usiku, asubuhi nakuta kidimbwi chini ya feni. Maji, si oili. Nikiwasha, dakika za kwanza kuna mlio kama wa panya aliyebanwa mlango, kisha unapotea. Kwenye tambarare geji ya joto hainyanyuki kabisa, nikipanda mlima inapanda nayo, na juzi lilichemsha kabisa ikabidi nikae pembeni saa nzima.

Fundi mmoja kaangalia nusu dakika akasema, "Pampu ya maji imekufa, leta mpya." Sikatai, lakini nataka kuelewa kabla sijafungua. Pampu iliyomo nadhani ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Nibadili au kuna namna ya kuitengeneza?

#2 Nyundo_Moja (saa 3:25)

Badili mkuu. Bolti chache, gasketi, umemaliza kabla ya chakula cha mchana. Msijaze uzi.

#3 BintiSpana (saa 3:48)

Nyundo, wewe kila kitu kinaisha kabla ya chakula cha mchana, halafu jioni unafungua uzi wako wa kuomba msaada 😄

Kaka Chuma, usifungue chochote kwanza. Injini ikiwa imepoa, fanya haya uturudie:

Shika ncha ya panga la feni, lile la juu na la chini kwa mikono miwili, usukume na kuvuta kama unayetikisa mlango uliokwama. Linacheza? Hata mchezo mdogo unaouhisi mkononi ni beringi ya pampu inayoondoka.

Kisha legeza dainamo, vua mkanda, uzungushe feni kwa mkono. Inatakiwa izunguke kimya. Ukisikia mchanga ndani, jibu unalo. Na kama imenyamaza kabisa huku mlio ulikuwepo, basi mlio ni wa mkanda au dainamo, pampu mnaisingizia.

Tatu, tafuta tochi na kioo kidogo, uchungulie chini ya shingo ya pampu, kati ya puli na mwili wake. Kuna tundu dogo pale. Tuambie lina nini.

Nne, fungua kofia ya rejeta injini ikiwa baridi (BARIDI, narudia), washa, tazama maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa ya kawaida. Mapovu yanayoendelea kama sufuria ya chai, injini ikiwa bado baridi, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na pampu mpya haitakusaidia kitu.

#4 Mbio_za_Kobe (saa 4:30)

Mimi ninayo hiyohiyo IIA. Ilivuja hapo kwenye tundu dogo chini ya pampu. Nikatafuta skrubu fupi, nikaipaka gundi ya chuma, nikaikaza ndani ya tundu. Mwaka na nusu sasa, haijadondosha hata tone. Watu mnapenda kutumia hela.

#5 MzeeKerezo (saa 5:02)

Kobe mwanangu, umeziba mdomo wa mtu anayepiga kelele kwamba nyumba inaungua.

Nieleze, maana kuna vijana wanasoma kimya hapa na kesho watatafuta skrubu. Ndani ya pampu kuna shafti moja. Mbele imebeba puli na feni, nyuma imebeba impela inayosukuma maji. Katikati kuna beringi. Kati ya beringi na maji kuna sili, ambayo ni pete ya kaboni inayosukumwa na springi ili uso wake usugue uso mwingine laini. Hakuna mpira wa kubana pale, ni nyuso mbili tu zinazotelezana, zikilainishwa na unyevu wa maji yenyewe.

Sasa sili ikichoka, maji yanapita. Waliochora pampu walilijua hilo. Wakatoboa tundu katikati, baada ya sili na kabla ya beringi, ili maji yatakayopita yaangukie nje badala ya kuingia kwenye beringi. Hilo tundu ni la kutolea machozi. Tone moja moja hapo ni pampu inakuambia, "Nina wiki kadhaa, jipange."

Ukiliziba, maji hayakuacha kuvuja, yamebadili njia. Yanaingia kwenye beringi, yanaosha grisi, yanaleta kutu. Beringi ikiachia ukiwa mwendoni, feni inasogea mbele. Na mbele ya feni kuna nini? Rejeta. Nimetengeneza rejeta iliyokatwa duara safi kama imepimwa kwa bikari. Mwenye gari naye alikuwa na skrubu.

Chuma, fuata maelekezo ya huyo binti. Anajua anachosema.

#6 Mbio_za_Kobe (saa 5:20)

Shikamoo mzee. Nimekusikia. Lakini mwaka na nusu ni mwaka na nusu.

#7 Chuma_cha_Babu (Jumapili, saa 2:40 asubuhi)

Nimerudi na majibu.

Feni inacheza. Kidogo, labda milimita moja kwenye ncha, lakini naihisi. Mkanda ukivuliwa, ikizungushwa polepole kuna mkwaruzo. Tundu la machozi nimeliona: chini yake kuna mstari wa kutu na ukoko mweupe unaoteremka hadi kwenye kifuniko cha cheni. Mapovu hakuna.

Kwa hiyo pampu imekufa kweli, fundi alikuwa sahihi?

#8 BintiSpana (saa 3:05)

Kuhusu kuvuja na mlio, sahihi. Kuhusu kuchemsha mlimani, sina uhakika naye. Pampu inayodondosha tone kwa usiku mmoja haichemshi injini iliyojazwa maji asubuhi. Na ile geji isiyonyanyuka tambarare inanipa wasiwasi mwingine. Ukifungua, angalia kama themostati ipo (ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakishapata moto). Wengi wakiona gari linachemsha, kitu cha kwanza wanaing'oa na kuitupa.

#9 Nyundo_Moja (saa 3:11)

Bila themostati maji si yanazunguka zaidi? Linapoa zaidi.

#10 BintiSpana (saa 3:30)

Kwenye tambarare ndiyo, linapoa mpaka injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa petroli na kuchafua oili. Lakini injini hii ina njia ya mkato: mpira mfupi unaotoka kwenye nyumba ya themostati na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Kazi yake ni kuzungusha maji ndani ya injini wakati themostati imefunga, injini ikiwa inapasha. Ukiitoa themostati, mkato unabaki wazi wakati wote. Sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta, na ni mlimani, unapohitaji rejeta kuliko wakati wowote, ndipo utakapolijua hilo.

Haya, Chuma, unafungua lini?

#11 Chuma_cha_Babu (saa 3:34)

Leo. Nipe mwongozo dada, nina spana na siku nzima.

#12 BintiSpana (saa 4:15)

Sawa. Toa betri kwanza, na uandike ni nguzo ipi imefungwa kwenye bodi. Magari ya umri huo mengi yaliunganishwa chanya kwenye bodi, na ukirudisha kwa mazoea ya magari ya sasa utaunguza vitu.

Mwaga maji kwa koki mbili, ya chini ya rejeta na ya ubavuni mwa bloku. Ya bloku ikikataa kutoa, haijakauka ndani, imezibwa na matope ya kutu. Ichokonoe kwa waya. Weka beseni, usimwage chini: kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) ni sumu, na ni tamu, mbwa na paka huilamba.

Rejeta inaweza kubaki, lakini vidole vyako vitalia. Mimi huitoa. Dakika ishirini za ziada zinakuokoa na kuchubua mapezi yake kwa spana. Kisha feni, puli, mipira. Feni itie alama upande wa mbele kwa chaki. Ukiirudisha kinyume bado itavuta hewa upande uleule, kwa hiyo hutagundua, ila itavuta kivivu.

Sasa sikiliza hili, ndiyo sababu naandika yote haya. Bolti za pampu si za urefu mmoja. Nyingine zinaishia kwenye kifuniko cha cheni, nyingine zinapita hapo hadi kwenye bloku. Ukiweka ndefu mahali pa fupi itagota kabla ya kubana, wewe utadhani imebana, au utaongeza nguvu upasue kitu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pampu, toboa tundu kwa kila bolti, na kila unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake papo hapo. Usijiambie utakumbuka.

Na zote ni za inchi. Spana ya mm inayokaribia itazungusha kichwa mpaka kiwe duara.

#13 Chuma_cha_Babu (saa 9:50 alasiri)

Imekatika.

Bolti ya chini, upande wa kushoto. Nyingine zote zimetoka, ramani ya boksi imependeza kweli, nikafika ya mwisho, nikasikia inalegea kwa ulaini fulani hivi... kumbe hailegei, inajisokota. Imebaki ndani na kipande cha kama sentimita moja kinachochungulia baada ya kuitoa pampu. Nimekaa chini nakunywa maji.

#14 Nyundo_Moja (saa 9:53)

Pole mkuu. Huo ulaini naujua. Ni sauti ya jumapili kuharibika.

#15 MzeeKerezo (saa 10:20)

Pole. Lakini kimebaki kipande nje, kwa hiyo una bahati kuliko unavyodhani. Acha mkono upoe kwanza, usikishike kwa prai sasa hivi.

Bolti hii haikushikwa na kukazwa, imeshikwa na kutu iliyovimba kwenye uzi. Dawa ya kutu ni kuitikisa na kuilowesha. Kigonge kichwa cha hicho kipande kwa nyundo ndogo, mara ishirini thelathini, kwa mkono mwepesi, ukikilenga wima. Kipulizie mafuta ya kulegeza. Kesho asubuhi rudia. Usiku mmoja wa mafuta unashinda mkono wa wanaume wawili.

Kesho tafuta mwenye mashine ya kuchomea. Aweke nati juu ya kipande, aichomee kwa ndani mpaka ishikane nacho. Joto lenyewe ni nusu ya kazi, linatanua na kuvunja kutu. Iache ipoe mpaka uweze kuigusa, kisha spana: robo ya robo mbele, robo ya robo nyuma. Ndiyo, mbele pia, upande wa kukaza. Ikianza kusogea usishangilie ukaivuta moja kwa moja. Endelea mbele na nyuma huku ukiweka mafuta.

Kile kichokoo cha kung'olea bolti, chenye uzi wa kinyume, kiweke mwisho kabisa. Kikikatika ndani, ni chuma kigumu kuliko keekee yako, na hapo unahitaji mtu kama mimi na mashine kubwa.

#16 Chuma_cha_Babu (Jumatatu, saa 12:30 jioni)

IMETOKA. Nati ya kwanza ilibanduka, ya pili ikashika. Mbele nyuma mbele nyuma kama mzee alivyosema, karibu nusu saa. Ilivyotoka ilikuwa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu, maji yameila miaka mingi. Nimepitisha tepu ya uzi uleule kusafisha, tundu ni zima.

Sasa pampu yenyewe. Impela yake ni ya chuma cha kusubu, na mapanga yamelika kingo, yamebaki kama meno ya bibi. Nadhani babu alikuwa anaweka maji ya bomba matupu, hakuna rangi ya kulanti popote, ni kutu tu.

Na dada BintiSpana, nyumba ya themostati ni tupu. Ndani hamna kitu!

#17 BintiSpana (saa 12:41)

Siko hapo lakini natabasamu.

#18 Chuma_cha_Babu (Jumanne, saa 11:15 jioni)

Nimeletewa pampu mpya, si ya kiwandani, ya kutengenezwa siku hizi. Nimeiweka kando ya ile ya zamani. Mpya ni nyepesi. Impela yake ni bati lililokunjwa, si la kusubu, na mapanga ni mafupi. Nimepima kutoka uso wa gasketi hadi uso wa kitovu kinachobeba puli: mpya imezidi kwa karibu milimita tatu. Hiyo ni shida au naichunguza sana?

#19 Karakana_ya_Usiku (saa 11:58)

Nimekuwa nikisoma kimya, ngoja niseme. Huichunguzi sana. Milimita tatu mbele inamaanisha puli ya pampu haiko mstari mmoja na ya krenkishafti (shafti kuu ya injini) wala ya dainamo. Mkanda utakimbia ukiwa umepinda, utalia na kulika upande mmoja, na feni imesogea milimita tatu karibu na rejeta. Wakati mwingine unapewa pampu ya injini ya jamii hiyohiyo lakini ya puli tofauti. Irudishe, au kitovu kisogezwe kwa presi na mtu anayejua.

Impela ya bati peke yake si dhambi, nimeona zinazofanya kazi vizuri. Kinachonihusu mimi ni nafasi kati ya mapanga na mwili wa pampu. Ikiwa kubwa, maji yanazunguka palepale badala ya kusukumwa. Ipime zote mbili kwa filagaji (vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi).

#20 Chuma_cha_Babu (Jumanne, saa 1:30 usiku)

Mpya: milimita 1.6. Ya zamani siwezi kupima sawasawa, mapanga hayana kingo.

#21 MzeeKerezo (saa 2:10 usiku)

Moja nukta sita ni uvivu. Pampu za namna hii nyingi zinataka karibu nusu milimita, chukua kipimo kamili kwenye kitabu cha injini yako.

Nitakuambia ningefanya nini, uamuzi ni wako. Mwili wa ile ya zamani ni chuma cha kusubu. Kama hauna ufa na uso wa sili haujachimbika, utaishi kuliko sisi wote hapa. Kilichokufa ni vitu vitatu: shafti na beringi yake (ni kipande kimoja kilichofungwa, hakipakwi grisi), sili, na impela. Vyote vinapatikana kama seti ya kufufulia. Kazi ni ya mtu mwenye presi, si ya nyundo. Samahani Nyundo.

Kabla hujagusa chochote, pima na uandike kitovu kimekaa wapi kwenye shafti. Bila hicho kipimo utarudia kosa la ile pampu mpya. Kisha kivute kitovu kwa puula (kifaa cha kung'olea puli na vitovu). Kwenye mwili wa pampu kuna skrubu ndogo inayoshikilia beringi isitembee, itafute na uitoe. Nimeona watu wanabonyeza presi mpaka mwili unapasuka kwa sababu hawakuiona. Shafti itoke kuelekea mbele, pamoja na beringi, ikiiachia impela nyuma.

Wakati wa kurudisha, pasha mwili kwenye maji yanayochemka, beringi mpya iingie karibu yenyewe. Tundu lake la skrubu lielekee tundu la mwili. Sili isukumwe kwa bomba linalogusa ukingo wa nje tu, na ule uso wa kaboni usiguse kwa kidole chenye mafuta. Kisha impela, polepole, ukipima kwa filagaji kila baada ya msukumo mdogo. Ukipitiliza, kuivuta nyuma ni kuiharibu sili uliyoiweka sasa hivi.

Mwisho chungulia tundu la machozi uone mwanga unapita. Lisafishe kwa waya. Kobe, hii sentensi ni yako.

#22 Mende_wa_1971 (Jumatano, saa 2:05 asubuhi)

Samahani kwa kuingilia uzi. Nina Volkswagen Beetle, nayo inapata moto sana. Pampu yake ya maji iko upande gani? Nimetafuta sijaiona.

#23 Nyundo_Moja (saa 2:06)

😂😂😂

#24 BintiSpana (saa 2:20)

Mkuu Mende, usimjali Nyundo. Huna pampu, huna rejeta, huna maji. Injini yako inapozwa na hewa inayosukumwa na feni iliyo kwenye kasha la bati juu ya injini, na oili inasaidia. Ukipata moto angalia mkanda wa hiyo feni, mabati yote yanayoelekeza hewa yawepo, na ile mipira inayozunguka chumba cha injini isiwe imeng'oka. Fungua uzi wako tuje.

#25 Chuma_cha_Babu (Jumamosi, saa 12:45 jioni)

Nimeifufua ya zamani. Mpya nimeirudisha.

Karakana yenye presi ilichukua kama saa moja na nusu, nikiwa nimesimama pale na karatasi ya vipimo kama mkaguzi. Impela imekaa kwenye milimita 0.55. Kitovu kimerudi palepale kilipokuwa. Nyuso za gasketi nimezisafisha kwa wembe na msasa laini, gasketi ya karatasi, nimepaka silikoni utando mwembamba tu. Bolti zinazoingia kwenye maji nimezipaka dawa ya kuzuia kuvuja kwenye uzi, na ile iliyokatika nimeweka mpya ya urefu uleule. Boksi limenisaidia kuliko kitabu.

Nimeziosha njia pia. Mpira wa maji niliuchomeka kinyume, kutoka chini ya rejeta kwenda juu, na kilichotoka kilikuwa rangi ya udongo kwa dakika kumi nzima. Themostati ya nyuzi 82 imewekwa. Kabla ya hapo niliichemsha jikoni na kipimajoto, ikaanza kufunguka kwenye 81. Mama mwenye nyumba alinitazama tu.

Swali la mwisho: mkanda niukaze kiasi gani, na kulanti gani? Naambiwa za rangi ya chungwa zinakaa miaka mitano.

#26 BintiSpana (saa 1:20 usiku)

Mkanda: bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili, ushuke milimita 10 hadi 12 hivi. Watu wengi wanaua beringi mpya kwa kukaza mkanda kama uzi wa gitaa, halafu wanalaumu spea.

Kulanti: injini ya 1966 na rejeta yake ya shaba iliyounganishwa kwa risasi, mimi nabaki na ile ya kijani ya mtindo wa zamani, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, unaibadilisha kila miaka miwili. Zile za maisha marefu zilitungwa kwa ajili ya injini za alumini na plastiki, na kwenye viungo vya risasi na sili za zamani sitaki kuwa wa kujaribu. Wapo wanaoziweka na hawalalamiki. Chochote utakachochagua usichanganye aina mbili, unaweza kupata uji. Na hata mahali pasipo na baridi usirudi kwenye maji matupu: ile nusu ya pili ndiyo iliyobeba dawa ya kutu, na umeshaona maji matupu yalivyomfanyia babu yako.

Mfumo unachukua kama lita 10. Fungua koki ya hita, inua pua ya gari kidogo, jaza polepole huku ukibana mipira kwa mkono hewa itoke. Usiiwashe hata kidogo kabla hujajaza, ile kaboni ikizunguka kavu inajichoma ndani ya muda mfupi sana.

#27 Karakana_ya_Usiku (saa 1:42 usiku)

Na angalia kofia ya rejeta. Raba yake ikiwa imekufa hakuna shinikizo. Kila paundi moja ya shinikizo inapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1.5, kwa hiyo kofia ya paundi 9 ikifanya kazi inakupa kama nyuzi 13 za ziada. Ila usiweke kofia ya gari la kisasa yenye shinikizo kubwa ukidhani unaisaidia. Utaisaidia rejeta kupasuka.

#28 Chuma_cha_Babu (Jumapili, saa 11:05 jioni, wiki tatu baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Siku ya kwanza tundu la machozi lilitoa matone mawili matatu, nikapata presha, mzee akanitumia ujumbe nisubiri nyuso za sili zizoeane. Siku ya pili kavu. Mpaka leo kavu. Mlima ule ulionikalisha pembeni nimeupanda na watu wanne na gunia, geji ikasimama katikati na kutulia hapo. Tambarare pia inakaa hapohapo, sijawahi kuiona hivyo tangu nililichukua. Hita nayo inatoa joto, sikujua kama inafanya kazi.

Feni nimeifunga upande sahihi. Nilisahau, chaki ikaniokoa.

#29 MzeeKerezo (saa 11:30)

Safi. Baada ya kilomita mia tano rudia kubonyeza mkanda, mpya unalegea. Na zile klipu za mipira zikaze robo mzunguko.

#30 Mbio_za_Kobe (saa 2:15 usiku)

Nimetoa ile skrubu.

Yametoka maji ya rangi ya chai, si tone, ni mkondo. Nikashika feni kama alivyosema BintiSpana, inacheza mbele na nyuma mpaka naisikia ikigonga. Mzee, sijaiwasha tena, imeegeshwa.

Chuma, lile boksi lenye matundu ya bolti bado unalo?

#31 Chuma_cha_Babu (saa 2:19 usiku)

Ninalo, limetundikwa ukutani. Napiga picha sasa hivi. Anza kulowesha ile ya chini kushoto leo usiku.